Mkonge Huko Wrocław

Tramu inayotoka katikati ya Wrocław huvuka mto Odra na kukushusha mbele ya Hala Stulecia, ukumbi wa zege wa mviringo uliokamilika mwaka 1913, enzi mji huu ukiwa wa Wajerumani na ukiitwa Breslau. Watalii karibu wote huishia hapo. Wanapiga picha, wananunua kahawa, wanarudi mjini. Mimi nilipita ubavuni mwa ukumbi huo na kuelekea jengo la jirani, la chini zaidi na lisilojisifu, ambalo msanifu Hans Poelzig alilichora miaka ileile. Linaitwa Jumba la Kuba Nne. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia watengeneza filamu walilifanya studio yao, na tangu 2016 ni tawi la Makumbusho ya Taifa ya Wrocław, la sanaa ya kisasa.

Nilikuwa nimetoka Tanga kuja kutazama mkonge. Ofisa wa uhamiaji uwanja wa ndege wa Warsaw aliponiuliza nimefuata nini nchini mwao, nilimjibu kwamba nimekuja kwenye makumbusho. Ningemtajia mkonge, tungekesha pale.

Kazi nilizozifuata zinaning'inia kutoka darini, nyeusi na kahawia iliyokolea, ndefu kuliko mtu, na hakuna hata moja iliyoegemea ukuta. Unazizunguka. Nyingine zimekunjwa zikaacha uwazi katikati, unaweza kuchungulia ndani usione mwisho. Nyingine zina mpasuko mrefu wa kwenda chini, na kingo za mpasuko huo zimenenepa, zimejipinda nje. Kwa mbali jicho linasema ngozi, au gome la mti. Ukisogea hatua mbili tatu ndipo nyuzi zinapojitokeza: ngumu, zimekakamaa, ncha zimechomoza kila upande bila mtu kujali kuzipunguza kwa mkasi.

Nilizitambua kabla sijasoma kibao. Aliyekulia kwenye kambi ya mkonge hawezi kuzisahau, maana ndizo zilizofungia mbuzi, ndizo zilizoshonea magunia, na ndizo zilizokuwa zikirudi nyumbani jioni zimenasa kwenye shati la baba. Nilisogeza pua. Mama mlinzi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, alisimama kitini mwake akanyoosha kidole na kukitikisa. Nikarudi nyuma nusu hatua. Lakini harufu nilikuwa nimeshaipata: vumbi kwanza, halafu chini yake ile harufu kavu ya ghala la marobota.

Aliyezifuma ni Magdalena Abakanowicz, na zenyewe huitwa Abakani. Jina hilo hakulibuni yeye. Wahakiki wa miaka ya 60 ndio waliolikata kutoka jina lake la ukoo, kwa kuwa hawakuwa na jina jingine la kuzipa. Si zulia la ukutani, maana hazikai ukutani. Si sanamu kama walivyozoea sanamu, maana ni laini, zinayumba ukipita karibu nazo kwa haraka.

Alizaliwa 1930 Falenty, nje kidogo ya Warsaw, katika familia ya mabwanyenye wenye mashamba. Wajerumani walipoivamia Polandi alikuwa na umri wa miaka 9. Mwaka 1943 askari waliokuwa wamelewa waliingia nyumbani kwao usiku wakampiga mama yake risasi, na mama akapoteza mkono. Vita hivyo vya Wapolandi sisi Watanzania tunacho kipande chake. Kuanzia 1942, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishiwa Siberia kwa nguvu na Wasovieti, waliletwa Tengeru, karibu na Arusha, wakaishi kwenye vibanda vya mviringo chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yapo mpaka leo, na yanatunzwa vizuri kuliko makaburi mengi ya kwetu. Kabla ya safari hii, Polandi niliyoijua ilikuwa ni ile ya misalaba ya Tengeru.

Abakanowicz hakukimbilia popote. Alisoma Chuo cha Sanaa cha Warsaw, akamaliza 1954, wakati ambapo chama cha kikomunisti kiliwataka wasanii wachore wafanyakazi wenye misuli na matrekta. Mwaka 1960 onyesho lake la kwanza la peke yake lilifungwa na wakubwa kabla hata ya kufunguliwa. Yeye na mumewe, mhandisi, walikuwa wakiishi kwenye chumba kimoja. Mtu wa chumba kimoja hawezi kuweka mtambo wa kufumia wenye upana wa mita kadhaa, kwa hiyo alikuwa akienda kufuma kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mfumaji mwenzake aliyemzidi umri, Maria Łaszkiewicz.

Mtambo ulipatikana. Nyuzi ndizo zilizokuwa taabu. Duka la serikali halikuwa na sufu ya kumtosha mtu anayetaka kufuma kitu kikubwa kuliko nyumba yake. Basi alikwenda bandarini, akakusanya kamba chakavu za meli zilizotupwa, akazipeleka nyumbani, akazifumua, akaziosha, akazitia rangi.

Hapo pa kufumua napenda tukae kidogo, maana vitabu vya sanaa hupapita mbio. Kamba ya meli ni msokoto juu ya msokoto. Singa husokotwa zikawa uzi, nyuzi nyingi zikasokotwa zikawa ugwe, na nyugwe tatu zikasokotwa zikawa kamba, kila hatua ikizungushwa kinyume cha ile iliyotangulia ili mzigo ukivuta kamba ijikaze badala ya kujifungua. Anayeifumua inambidi arudi njia hiyohiyo, kinyume kwa kinyume, na kamba iliyokwisha kunywa maji ya chumvi na grisi ya gati haifunguki kwa ustaarabu. Vidole vinachubuka. Nikiwa Machakos niliwahi kumtazama mama mmoja akifanya kazi iliyo kinyume kabisa na hiyo: amekaa chini, amenyoosha mguu, ameweka singa mbili juu ya paja tupu, anaziviringisha kwa kiganja kwenda mbele, kisha kwa mpigo mmoja kurudi nyuma, na uzi wa kiondo unatoka upande wa pili umekaza. Sehemu hiyo ya paja lake ilikuwa nyororo, haina hata kinyweleo kimoja. Mmoja anasokota ili mkonge uwe uzi. Mwenzake anafumua ili uzi urudi kuwa mkonge.

Singa zilizofumuliwa haziwi tena kama zilivyotoka shambani. Zinabaki na mawimbi ya msokoto wa zamani, na ndiyo maana Abakani hazilali bapa. Ukitazama kwa karibu utaona mtande umenyooka na kukazwa, lakini mshindio unatembea juu chini, unavimba mahali na kusinyaa mahali, na pale ambapo mfumaji ameongeza fungu nene, kitambaa chote kimesukumwa mbele. Hakuna mchoro wa kufuata. Yeye alikuwa akiamua palepale mtamboni, mkono ukiwa na nyuzi.

Huo ndio uliokuwa ugomvi wake na Wafaransa. Mwaka 1962 jijini Lausanne, Uswisi, ilifunguliwa Biennale ya kwanza ya kimataifa ya mazulia ya ukutani, na nyuma yake alikuwepo Jean Lurçat, mchoraji aliyeufufua ufumaji wa Aubusson huko Ufaransa. Kule mchoraji huchora picha kamili kwenye karatasi ya ukubwa uleule, na mafundi huifuata uzi kwa uzi. Abakanowicz alifika na zulia kubwa lililofumwa kwa kamba za pamba, halina ua wala ndege, na tena amelifuma kwa mkono wake. Wapo waliochukizwa. Miaka mitatu baadaye alitwaa medali ya dhahabu São Paulo, na mwaka 1969 kazi zake zikawa New York, kwenye onyesho la makumbusho ya MoMA la vitu vya kufumwa.

Wahakiki wamebishana kwa miongo kadhaa kama hii ni sanaa au ni kazi ya mikono. Mimi mabishano hayo hunichosha. Ukiyakuna kidogo unakuta chini yake kuna bei tu: kitu kikiitwa kazi ya mikono kinauzwa sokoni, kikiitwa sanaa kinauzwa mnadani. Mshona mkeka wa Pemba anayepanga chane za rangi ili mistari ikutane sawasawa kwenye mshono wa ukili hajawahi kuniuliza anachofanya kinaitwaje.

Swali ninalolijali mimi ni jingine: mkonge wenyewe. Vibao vya makumbusho hutaja malighafi, havitaji shamba. Na miaka ile alipokuwa akifuma Abakani za kwanza, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa mkonge ilikuwa yetu.

Mmea huu si wa kwetu kwa asili, ni wa Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikazungukia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa Ngomeni, Hale, Korogwe, Kilosa, mistari ile isiyo na mwisho ambayo abiria wa basi la Dar huitazama mpaka anasinzia. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna takriban tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa 1967, na karne ilipokwisha tulikuwa tukivuna karibu moja ya kumi ya kiasi kile. Kwa hiyo katika muongo uleule ambao mkonge ulikuwa ukikosa thamani gatini, kuna mwanamke aliyekuwa akiuokota hapohapo gatini na kuupandisha darini.

Na mkonge ni kazi. Katika jani zima nyuzi ni kama asilimia 4, zinazobaki ni maji na makapi. Mkataji huanza na ule mwiba wa ncha, anaukata kwanza ili usimtoboe jicho, halafu anakata jani shinani, anafunga majani 30 kuwa mzigo mmoja, na utomvu unamwasha mpaka kwenye viwiko. Toroli hupeleka mizigo korona, mashine ipondayo na kukwangua jani huku maji yakimwagika juu yake, na kelele zake husikika kambi nzima. Singa zinazotoka ni za kijani, mbichi. Kina mama huzianika kwenye nyaya juani mpaka ziwe nyeupe. Zikishakauka huenda chumba cha brashi, zikachanwa, zikapangwa kwa madaraja, zikashindiliwa kwenye robota. Walioifanya kazi hiyo kwa miaka mingi waliitwa manamba, kwa sababu waliandikishwa kwa namba: Waha kutoka Kigoma, Wangoni, Warundi, Wamakonde waliovuka Ruvuma.

Baba Mdogo alistaafu akiwa chumba cha brashi, shamba moja karibu na Muheza. Makumbusho yanaruhusu picha bila mwanga, basi nilipiga kadhaa nikamtumia kwa WhatsApp, kisha nikatoka ukumbini nikampigia.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Umeziona?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeziona. Hiyo haijapigwa brashi."

"Ilikuwa kamba za meli. Zilifumuliwa."

"Ndiyo maana ina mawimbi. Tena imechanganywa. Ile picha ya pili, kulia ni singa ndefu, daraja la juu kabisa. Kushoto ni fupi, hiyo ni UG, daraja la chini. Sisi mtu akikuletea robota la mchanganyiko namna hiyo unamrudisha nalo. Wanafanyia nini?"

"Wanaitazama."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake kwa nyuma, watu wakibishana kuhusu timu ya Coastal Union.

"Imetundikwa tu?"

"Imetundikwa tu."

"Haya," alisema.

Nilirudi ndani nikasimama mbele ya ile ya picha ya pili. Alikuwa ameona sawasawa, akiwa Muheza, kwenye simu iliyopasuka kioo. Upande wa kulia nyuzi ndefu zinashuka kwa utulivu, zinanasa mwanga, na kitambaa kinaonekana kizito na kimetulia. Upande wa kushoto ni vifupi vilivyoungwaungwa, kila kiungo kimeacha ncha, na ncha hizo elfu na elfu zinaunywa mwanga na kuufanya weusi uwe mweusi zaidi. Vitabu nilivyosoma vilizungumzia kiza cha Abakani kwa maneno makubwa: kaburi, tumbo la uzazi, msitu. Huenda ni kweli. Lakini kiza hicho kimetengenezwa kwa kuchanganya madaraja, jambo ambalo lingemkosesha mtu ujira wa siku chumba cha brashi. Abakanowicz aliokota kilichokuwepo, kizuri na kibaya pamoja, na badala ya kukichambua akakifanya kimsaidie.

Nilikuwa nimeiona Abakani nyingine kabla ya hapo, ile nyekundu ya 1969, mwanzoni mwa 2023, London, Tate Modern ilipoandaa onyesho kubwa la kazi zake. Jengo lile lilikuwa kituo cha kufua umeme. Abakani nyekundu ina kimo na upana wa karibu mita nne, mviringo, imepasuliwa katikati, na watu walikuwa wakipanga foleni ya kupigia picha mbele yake. Nyekundu yake haijakolea sawa: pengine ni damu ya mzee, pengine ni matofali. Mkonge haunywi rangi kwa usawa, mama yeyote aliyewahi kuchemsha singa za kiondo atakwambia hivyo. London kulikuwa na watu wengi mno kwangu. Wrocław, siku ya kazi asubuhi, tulikuwa mimi, mama mlinzi, na kijana mmoja aliyelala kwenye benchi.

Kuelekea katikati ya miaka ya 70 aliacha kufuma. Watu walikuwa wameanza kumwita mfumaji, naye hakulitaka jina hilo. Ni kama mtu aliyepigwa picha nzuri akagundua kwamba sasa kila mtu anataka akae vilevile. Akahamia kwenye magunia: akayakata, akayalowesha kwa gundi, akayabandika juu ya umbo la mtu aliyeketi, akasubiri yakauke, akatoa umbo. Kilichobaki ni mgongo, gunia lililokakamaa na kuinama. Alitengeneza migongo 80 ya namna hiyo kati ya 1976 na 1980, na baada yake makundi ya watu wasio na vichwa.

Kwa ajili yao nilipanda treni kwenda Poznań. Huko alifundisha chuo cha sanaa kuanzia 1965 hadi 1990, na tangu 2021 chuo hicho kinaitwa kwa jina lake. Nje kidogo ya katikati ya mji kuna bustani kubwa kwenye ngome ya zamani, iitwayo Cytadela, na kwenye nyasi zake wanatembea watu 112 wa chuma, kila mmoja akiwa na zaidi ya mita mbili. Aliwaweka pale mwaka 2002. Hawana vichwa, wala hawaelekei upande mmoja. Kutu imewapaka rangi ya udongo wetu wa Lushoto. Ukizunguka nyuma ya mmoja unakuta hana mgongo, yuko wazi, unaona upande wa ndani wa kifua chake.

Weka kiganja pale. Hapa hakuna mlinzi wa kukutikisia kidole. Chuma kimebeba gunia. Kila uzi, kila mraba wa mfumo, hata mahali ambapo kitambaa kilikunjamana chini ya kwapa, vyote vimehamia kwenye chuma wakati wa kukalibu. Watoto walikuwa wakicheza kujificha katikati ya miguu yao, na bibi mmoja alikuwa ametundika koti la mjukuu wake kwenye bega la mmojawapo. Kama ni mimi ningempa bibi huyo nishani. Kazi za sanaa za mitaani zinazoogopwa huishia kuzungushiwa waya.

Jioni, nikiwa hotelini, simu ikaita. Alikuwa Baba Mdogo, na kwa sauti za nyuma yake nikajua yuko kijiweni na wenzake, wote wamestaafu mkonge, wote wanasikiliza.

"Mwanangu, tumeongea hapa. Tunataka kujua bei."

"Bei ya nini, Baba Mdogo?"

"Ya hivyo vitu vya huyo mama. Kwa kilo."

Nilimweleza kwamba haviuzwi kwa kilo. Nikamsimulia kwamba mwaka 2021, kwenye mnada wa Warsaw, kundi lake moja la watu 50 wasio na vichwa liliuzwa kwa zaidi ya zloti milioni 13, na kwamba kwa hela ya kwetu hizo ni mabilioni. Akawarudishia wenzake. Kulitokea kelele, mtu mmoja akacheka hadi akakohoa.

"Hao watu 50 ni wa mkonge?"

"Hapana, hao ni wa magunia. Yamelowekwa kwenye gundi yakakakamaa."

"Magunia ya mkonge?"

"Ya juti."

"Aaa! Ya juti!" alisema, na nikasikia akiwageukia wenzake kuwapa habari. Aliporudi kwenye simu alikuwa amepoa kabisa. "Sasa hapo huyo mama alikosea. Juti hiyo ya kina Bangladesh, ikipata unyevu miaka miwili imeoza. Angebaki kwenye mkonge."